Ufa wa Ghorofani

Jumatatu asubuhi Mwiko alikuta kazi yake ya Ijumaa imelala sakafuni.

Haikuwa imebomoka. Hilo ndilo lililomsimamisha mlangoni, ndoo mkononi, kama mtu aliyesahau alichokifuata. Chokaa aliyoishindilia kwenye ufa ilikuwa imetoka nzima, ndefu kuliko mkono wa mtu, imejipinda palepale ufa ulipojipinda, mfano wa gamba ambalo nyoka amelivua akaenda zake. Ukutani, ufa ulikuwa wazi na msafi. Hata punje haikubaki.

"Nani kaingia humu?"

"Ufunguo unao wewe, Fundi," mpimaji akamjibu kutoka nyuma yake.

"Najua ninao mimi. Ndiyo maana nauliza."

Wote wawili walikuwa wa chama kidogo cha kuokoa majengo ya kale ya jiji lile. Chama kilikuwa na watu wanne, kompyuta mbili, na bango kubwa mlangoni: USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA. Mwiko alikuwa fundi wa chokaa, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mikono mipana, mdomo mchungu. Jina la Mwiko lilikuwa limemkaa hata mke wake akaacha kutumia lile alilopewa na wazazi. Mpimaji alikuwa binti wa miaka thelathini na mbili. Kazi yake ilikuwa kupima kila chumba cha kila nyumba kuukuu na kukichora, ili nyumba ikija kuanguka, angalau ibaki karatasi ya kusema ilikuwaje. Majengo aliyasomea chuoni, lakini kuta alifundishwa na Mwiko, kwa matusi mengi na kwa mapenzi yasiyosemwa.

Nyumba hii ilikuwa ya mjane mmoja aliyeishi chini. Juu palikuwa pamefungwa miaka mingi. Katika chumba cha nyuma, ghorofani, palikuwa na ukuta mmoja wa nakshi: nyota, majani na mafundo ya chokaa, kuanzia sakafuni hadi darini, kazi ya mkono wa mtu aliyekwisha kuoza zamani sana. Kwa ajili ya ukuta huo, Alhamisi wangekuja wakaguzi wa mji. Wakiridhika, nyumba ingelindwa kisheria. Wasiporidhika, ingevunjwa paegeshwe magari. Na katikati ya nakshi zile, kama kovu usoni mwa bibi harusi, ulipita ule ufa.

Mwiko aliliokota lile gamba la chokaa, akaligeuza. Upande wa nyuma, ule uliokuwa umetazama ndani ya ukuta, palikuwa na alama za vidole. Vidole vilivyosukuma.

Mpimaji alivihesabu. Vilikuwa saba, vimejipanga kama vya mkono mmoja.

"Watoto," akasema Mwiko.

"Watoto gani, Fundi? Ndani ya ukuta?"

"Nimesema watoto!" Akalivunja lile gamba gotini, akaanza kukoroga chokaa upya.

Jumanne walilikuta jingine sakafuni. Safari hii lilikuwa limewekwa, halikuanguka; lilisimamishwa wima kwenye kona, kama fimbo ya mtu aliyeingia ndani kidogo na atakayerudi kuichukua. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Mpimaji aliposogea karibu na ufa, chini ya harufu ile aliikuta nyingine, ya mdomo wa mtu aliyeamka sasa hivi. Aliinua kiganja chake akakiweka mbele ya ufa. Hewa ya vuguvugu ikampiga mkononi. Ikanyamaza. Kisha ikavutwa ndani.

Alirudisha mkono, akajifuta kwenye sketi. Alijiambia ni upepo wa darini.

Katibu wa chama alipanda saa nne, tai shingoni, simu sikioni. Alikuwa mtu wa kusema na watu huku akitazama saa yao badala ya macho yao.

"Bado tu? Siku mbili mnaziba ufa mmoja?"

"Ukuta unakataa, Katibu," Mwiko akasema.

"Ukuta haukatai. Fundi ndiye anashindwa. Keshokutwa naleta wakaguzi humu, na wakiuona ufa ule watasema nyumba inaanguka. Sitaki hadithi. Nataka ukuta." Akashuka, viatu vikigonga ngazi kama mtu anayepiga misumari.

Mwiko akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mpimaji alikuwa hajawahi kumwona amekaa katikati ya kazi. Ndipo binti akasema lile neno ambalo baadaye angelipa chochote alirudishe mdomoni.

"Tuweke saruji."

Katika chama kile saruji ilikuwa kama tusi. Saruji inaukaba ukuta wa chokaa. Inaufungia maji ndani mpaka unaoza. Mwiko mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo.

"Kidogo tu," mpimaji akaendelea. "Juu yake tupake chokaa, nani atajua? Wakishapita, tutaitoa."

Mwiko hakujibu. Kutojibu kwake kukawa ruhusa. Binti akateremka, akanunua nusu mfuko duka la vifaa, akaupandisha ndani ya begi la sokoni, vitunguu juu yake. Kufika saa tisa alasiri ufa ulikuwa umejaa. Mwiko alipobonyeza donge la mwisho, kutoka ndani ya ukuta kulisikika hodi. Mara tatu, taratibu, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Walitazamana. Hodi haikurudiwa. Na mpimaji akagundua kwamba hata kelele za barabarani, honi na wauza ndizi, zilikuwa zimenyamaza, kana kwamba mtaa mzima umezibwa mdomo.

"Tutoke," Mwiko akanong'ona.

Jumatano, kabla ya saa mbili asubuhi, mke wa Mwiko alipiga simu. "Njoo uone mlichomfanyia mume wangu." Hakusalimia.

Mwiko alikuwa kitandani, mikono juu ya shuka. Ilikuwa myeupe. Si weupe wa vumbi, maana mkewe alikuwa ameisugua mpaka ngozi ya kifundo ikachubuka. Ilikuwa myeupe kwa ndani, baridi, migumu, vidole vimetanuka na viganja vimetazama mbele, kama mtu anayesukuma kitu. Mpimaji alipokigusa kimoja, kililia kama kigae. Daktari aliyemwona alfajiri alisema ni kuungua kwa chokaa, akatoa mafuta ya kupaka. Weupe ulikuwa kwenye vifundo alipoondoka. Sasa ulikuwa nusu ya njia kuelekea viwiko.

"Fundi," binti akamwita polepole.

Mwiko akafumbua macho. "Pamebana humu," akasema. "Pamebana. Hakuna pa kukunja goti."

"Humu wapi? Uko nyumbani, uko kitandani."

"Anavuta pumzi, mimi nakosa," akasema Mwiko, na machozi yakamtiririka mpaka masikioni, kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Mkewe akamvuta mpimaji hadi uani. "Miaka ishirini na minane ameziba nyufa za watu. Hajawahi kuletwa nyumbani hivi. Mliingia wapi? Sema."

Mpimaji hakusema habari ya saruji. Alisema hajui, akaondoka mbio kuelekea kwa mjane.

Mjane alikuwa kibarazani anachambua maharage kwenye ungo. Alimsikiliza hadi mwisho bila kuinua kichwa.

"Mmemfungia mlango," akasema.

"Nani?"

"Aliye juu." Akatupa jiwe moja dogo nje. "Mimi niliolewa nikamkuta. Mama mkwe alinionya siku ya kwanza: chumba cha nyuma hakifagiliwi, hakipakwi rangi, ufa wake hauzibwi. Yeye juu, sisi chini. Miaka arobaini na moja hajanigusa, nami sijamgusa."

"Na hukutuambia! Ulitupa funguo mwenyewe!"

Hapo mjane akainua uso. Haukuwa na aibu hata chembe. "Paa lilikuwa linavuja, mwanangu. Mvua tatu nimelala nimekumbatia beseni. Mlisema mtanijengea paa bure, mkalijenga. Ningewaambia, mngeipanda ngazi ile?"

"Fundi anakufa!"

"Na mimi nimeanza kusikia anatembea chini," mjane akasema, sauti imeshuka. "Jana jioni alikuwa jikoni. Usidhani nimepona."

Mpimaji alipanda. Kwa nini alipanda peke yake hakuweza kueleza baadaye, isipokuwa kwamba alifikiri akichukua tindo akaichokoa ile saruji, inchi moja tu ya kupitisha pumzi, basi mambo yatarudi yalivyokuwa. Ilikuwa saa nane mchana, jua limejaa dirishani, vumbi likielea ndani yake kwa utulivu kama nyumba yoyote ya mtu yeyote. Aliweka ncha ya tindo kwenye saruji. Na kabla hajainua nyundo alisikia, upande wa pili, kitu kikikwaruza, si kwa pupa, bali kwa mpangilio, kama fundi anayelainisha kazi yake, juu, chini, juu, chini, na mkwaruzo ule ukamfuata, kwani alipohamisha tindo kushoto nao ulihama kushoto, na alipoishusha nao ulishuka, hadi akajua kwamba kilichokuwa mle kinamwona kupitia ukuta kama yeye anavyoona kupitia kioo, na akaona zile nyota za chokaa, mojamoja, zikitoa jasho, matone yakiteremka kwenye majani na mafundo, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda ikamjaa puani, na hapo sauti ikatoka, wala haikutoka ukutani, ilitoka karibu kabisa na sikio lake la kulia, yenye subira na chuki ya siku nyingi:

"Mkono ulikuwa wake. Mfuko uliubeba wewe."

Tindo ikamponyoka. Hakukumbuka ngazi. Alijikuta barabarani, kiatu kimoja mguuni, watu wakimpisha.

Alhamisi asubuhi alirudi kwa Mwiko, akamweleza mkewe yote, saruji na begi na vitunguu. Mwanamke yule aliinua mkono. Hakumpiga. "Kaa hapo," akasema. "Nimeshamwita mtu."

Mtu huyo alikuwa mshonaji wa sare za shule, mama mnene wa makamo, futi ya kitambaa bado inaning'inia shingoni. Mtaani kwao alijulikana kwa mishono yake kwanza, na pili kwa kuombea watu walioshikwa, naye hakupenda kuitiwa la pili. Alimpima Mwiko kwa macho kama anayetaka kumkatia suruali. Weupe ulikuwa umefika mabegani.

"Ukishuka kifuani tumechelewa," akasema. "Mbebeni. Tunaenda kwa huyo aliyemshika, kwenye ukuta wake."

"Tukichokoa tu ule ufa?" mpimaji akauliza.

"Mtamfungulia, naye atatoka na kuingia apendavyo, na huyu atakuwa mtumishi wake hadi kaburini. Mtu ukishamkosea hatosheki na kufunguliwa mlango. Ukuta wote uvunjwe. Asiwe na pa kurudi."

"Ukuta wote," mpimaji akarudia. Miezi minne alikuwa ameuchora, nyota kwa nyota. Aliujua kuliko uso wake.

Ndugu zake wawili walimpandisha Mwiko ngazi za kwa mjane, amekaa kwenye kiti cha mbao. Mlangoni mwa chumba walimkuta Katibu na tai mpya. Wakaguzi wangefika saa tano. Ilikuwa saa nne na nusu.

"Nini hiki? Mgonjwa anafanya nini humu? Na huyu mama ni nani?"

"Katibu, tunauvunja ukuta," mpimaji akasema.

Katibu alicheka, kisha akaona nyundo kubwa mkononi mwa binti, akaacha. "Una wazimu? Ukuta huo ndio nyumba! Ukianguka, kesho wanaleta tingatinga. Miaka kumi na mbili ya kazi yangu!"

"Mtazame Fundi."

"Apelekwe hospitali! Mimi si mganga!" Akasimama mbele ya nakshi, mikono ameitanua. "Ukivunja, huna kazi. Sikia vizuri. Hakuna jengo jiji hili utakaloligusa tena."

Nyuma yake ukuta ukagonga hodi. Mara tatu. Katibu akageuka polepole, akatazama nyota zilizokuwa zikitiririka maji, akasogea pembeni bila mtu kumwambia.

Mshonaji alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, ameshika kichwa cha Mwiko kwa viganja viwili, anasoma dua kwa sauti ya chini isiyokatika. "Piga," akamwambia mpimaji bila kugeuka. "Na utakachokiona usisimame kukitazama."

Akapiga. Nyota ya kwanza ilivunjika kama yai. Akapiga tena, na tena, analia na kupiga, na vumbi likajaa, na kupitia vumbi lile akaona kwamba ukuta haukuwa mmoja bali ni miwili, na kati yake palikuwa na nafasi ya mtu mwembamba kusimama wima. Sakafu ya mle ilikuwa imefagiwa. Na upande wa ndani wa ukuta, ule ambao jicho la mtu halikuwahi kuuona, palikuwa na nakshi zilezile, nyota kwa nyota, jani kwa jani, ila zimekatwa kwa wembamba na uzuri ambao nakshi za nje zilikuwa kama kazi ya mtoto mbele yake. Na zilikuwa mbichi, za leo, chokaa bado inang'aa maji. Mkono wa mpimaji ukasita hewani. Maisha yake yote alikuwa ametafuta kitu kama kile, na sasa kilikuwa mbele yake, na kutoka kwenye kiti nyuma yake sauti isiyokuwa ya Mwiko ilisema kwa upole kabisa, "Ni nzuri, au sivyo? Ichore kwanza."

"Piga!" mshonaji akapaza sauti.

Akafumba macho akapiga. Alipiga mpaka hakusikia kingine isipokuwa nyundo na mapigo ya moyo wake. Kama kulikuwa na maneno kwenye kile kiti hakuyapata. Aliacha pale nyundo ilipokosa cha kugonga. Kitu cha baridi kikampita ubavuni, kikatoka mlangoni, na kule chini wakamsikia mjane akipiga ukelele mmoja, na baadaye mlango wa barabarani ukajibamiza.

Wakaguzi walipofika walikuta kifusi, katibu aliyekaa juu yake kichwa mikononi, na fundi mmoja anaangalia vidole vyake vikikunjika. Waliandika mstari mmoja, wakaondoka. Wiki hiyohiyo nyumba ilitiwa alama nyekundu ya kuvunjwa. Mpimaji hakusubiri barua ya kufukuzwa. Aliweka funguo za ofisi mezani alasiri ya Alhamisi ileile, akapita kwa Mwiko kumjulia hali.

Mikono ilikuwa imerudi, myekundu na laini kama ya mtoto aliyezaliwa jana. Mwiko alipomwona mlangoni aligeukia ukutani.

"Fundi, ni mimi."

"Nisamehe, mwanangu," akasema, mgongo kwake. "Nisamehe." Akajivutia shuka kichwani.

Mpimaji alitoka uani akidhani ni haya ya mgonjwa. Mshonaji alikuwa kwenye benchi, anapinda sketi ya mtoto kwa mkono ili asipoteze siku nzima.

"Nyumbani unakaa na nani?" akamwuliza.

"Na mama yangu."

"Kuna chumba kitupu?"

"Cha nyuma. Kaka alioa akahama. Kwa nini?"

Sindano ikasimama. "Ulipokuwa unapiga, aliuliza aende wapi. Mimi nilimwambia nyikani, kusiko na watu. Lakini hakuwa ananiuliza mimi. Alikuwa anamwuliza huyu fundi aliyemshika." Akachomeka sindano kwenye kitambaa. "Anayezama hachagui cha kushika. Usimchukie mzee wa watu."

"Alimwambia nini?"

"Hawa hawaingii nyumba ngeni mpaka mwenyeji awaambie karibu. Mpigie mama yako. Sasa hivi, binti, usisimame hapo."

Simu iliita mara sita. Mama yake alipopokea alikuwa anacheka, sauti ya mtu aliyekuwa katika mazungumzo.

"Wewe mtoto! Mbona hukuniambia tuna mgeni?"

"Mama, sikiliza. Mgeni gani? Yuko nje?"

"Nje wapi, na jua lote hili? Anasema mnafahamiana kazini, nyumba yake imebomolewa leo, maskini. Mpole sana. Hataki chai, hataki maji, ameomba chumba cha nyuma tu. Nikamwambia karibu, baba, mgeni njoo mwenyeji apone."

"Mama, toka nje. Acha kila kitu, toka uende kwa majirani."

"Hee! Nimwache mgeni peke yake? Umelelewa wapi wewe?" Kisha mama akaondoa mdomo kwenye simu, akaitika, "Abee? Nakuja!" Akarudi, sauti nyepesi, ya furaha. "Ananiita, anasema kuna kitu anataka nikione. Subiri kidogo, mwanangu. Usikate."

Mpimaji alisikia simu ikiwekwa juu ya meza. Alisikia ndala za mama yake zikienda ukumbini, bila haraka, moja, mbili, hadi mwisho. Mlango ukafunguliwa. Mlango ukafungwa.